Kutoka Dungu la Sindeni hadi Sokwe wa Gombe

Mkoa wa Tanga hauna sokwe wa porini. Sokwe wa Tanzania wako magharibi ya nchi: Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, wengine katika miombo ya Ugalla na misitu iliyobaki ya Kigoma na Katavi, na kundi moja katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, ambalo lilipelekwa huko na watu. Kwa hiyo mtoto wa Handeni au Korogwe akimpenda sokwe, anampenda kwa picha. Amemwona katika kitabu cha shule, katika kalenda iliyotundikwa dukani, au katika filamu ya wanyama iliyowekwa kibanda umiza siku isiyo na mpira. Akitaka kumwona kwa macho yake, itabidi aifuate reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, avuke nchi nzima, kisha apande boti aelekee kaskazini hadi Gombe. Na akiwa bado mdogo hataruhusiwa kuwakaribia, kwa sababu sokwe huambukizwa mafua na binadamu wakafa, na kwa usalama wa mtoto mwenyewe.

Binti yangu mkubwa ni mmoja wa watoto hao. Ukutani juu ya kitanda chake, hapa Manundu, Korogwe, amebandika picha za sokwe alizokata kwenye magazeti, na swali lake halibadiliki: "Mama, lini tunaenda Gombe?" Nauli ya watu watano hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni mwisho wa juma mmoja wa Juni, Noah ya kukodi, na kaka yangu mwenye shamba la mahindi Sindeni.

Ninashikilia jambo moja katika sura hii. Mtoto wa Handeni ana njia fupi ya kumfahamu sokwe kuliko mtoto wa Masaki au wa London, na njia hiyo inaanzia shambani kwa mjomba wake, mahali ambapo sisi wakubwa tumezoea kuona usumbufu mtupu.

Kwanza tuwatenganishe wanyama wenyewe, maana watoto wengi huwaita wote nyani. Nyani, tumbili, kima na mbega wana mikia. Sokwe hana, wala gorila, wala orangutan wa Asia, wala sisi. Sokwe na sisi tunafanana kwa karibu asilimia 99 ya vinasaba vyetu, wakati ukoo wa nyani ulijitenga na ukoo wetu zamani zaidi. Ushahidi mmoja wa utengano huo umetoka katika ardhi yetu. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza mabaki yaliyochimbwa katika bonde la Rukwa, yenye umri wa miaka milioni 25: sehemu ya taya la mnyama wa ukoo wa sokwe, na kipande cha taya chenye jino moja cha mnyama wa ukoo wa nyani. Wote wawili walipatikana katika bonde hilohilo la kusini magharibi mwa Tanzania. Anayemtazama nyani, basi, anamtazama ndugu wa mbali, lakini ndugu.

Tuliondoka Ijumaa jioni. Barabara ya Korogwe hadi Handeni siku hizi ni lami, kilomita 65, na Sindeni iko njiani, kwa hiyo tulifika kabla ya chakula. Usiku, baada ya bada na mlenda, komba alilia kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Mwanangu mdogo alimshika baba yake mkono, maana sauti ile inafanana na ya mtoto mchanga anayelia peke yake gizani. Shangazi yao, mke wa kaka, alimulika tochi, na macho mawili makubwa yakang'aa kati ya majani. Komba naye yumo katika jamaa hii, tawi lililojitenga mapema kuliko hata la nyani, na mtoto aliyemwona usiku ule ameanza hesabu ya jamaa zake kutoka mbali kabisa.

Asubuhi tulikwenda shamba.

Asiyelijua dungu nimweleze. Ni nguzo za miti zilizosimikwa ardhini, juu yake jukwaa la fito, na juu ya jukwaa paa dogo la nyasi la kukinga jua. Mlinzi hupanda kwa ngazi na kukaa humo kutwa, na debe la kupiga, manati au kombeo, na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Kazi yenyewe ni kuamia: kufukuza ndege wakati wa mtama na mpunga, na nyani na tumbili wakati wa mahindi. Juni ni mwezi wa mahindi yaliyojaa, na ni likizo, kwa hiyo mlinzi wa dungu la kaka yangu alikuwa mwanawe wa miaka kumi na mitatu.

Binti yangu alipanda akakaa naye. Nami nilikaa chini kivulini, nikasikiliza.

Mpwa wangu yule anawafahamu nyani wa kilima kile mmoja mmoja. Yupo mama aliyepasuka sikio. Yupo dume mkubwa anayechechemea mguu wa nyuma, ambaye haji mwanzo. Hutanguliza vijana, yeye akasubiri kwenye mbuyu mpaka aone kama debe limepigwa. Wapo mama wawili wenye vitoto vyeusi, na mpwa wangu alijua kwamba weusi ule haudumu, kwamba kitoto cha nyani huzaliwa na manyoya meusi kisha hubadilika kuwa na rangi ya majani makavu kama ya wakubwa. Alijua wanashuka wakati gani, kwamba siku ya mawingu huchelewa, na kwamba wakishafukuzwa upande wa bonde hawarudi nyumbani. Huzunguka waje upande wa barabara.

"Sasa huyu mwenye sikio," alimwambia binamu yake, "akifika kwenye mti wowote, wengine wanampisha. Na binti yake, yule mdogo, naye wanampisha. Hata wakubwa kuliko yeye."

"Kwa nini?"

"Si kwa sababu ya mama yake!"

Nilisimama. Kijana yule, ambaye hajawahi kusoma kitabu chochote cha elimu ya wanyama, alikuwa ametamka jambo ambalo limechukua watafiti miaka mingi kulithibitisha. Kule Amboseli, kusini mwa Kenya, nyani wa njano wamefuatiliwa bila kukatizwa tangu mwaka 1971, chini ya mradi ulioanzishwa na Jeanne na Stuart Altmann. Ni nyani wa aina hiihii ya Handeni. Walichokiona ni kwamba katika kundi la nyani majike hubaki walipozaliwa na madume huhama wakikomaa, na kwamba cheo cha jike hurithiwa kwa mama. Binti wa mama mwenye cheo huja juu akiwa bado mdogo, na jike mzima wa ukoo wa chini humpisha. Waliona pia kwamba mama mwenye usuhuba mzuri na wenzake hukuza watoto wengi zaidi. Na walioona hayo siku kwa siku, wakiwatambua mamia ya nyani kwa sura na mwendo, ni Wakenya: Raphael Mututua, Serah Sayialel, Kinyua Warutere na wenzao, ambao majina yao yamo katika maandiko ya kisayansi ya dunia nzima.

Mimi mwenyewe niliona jambo moja siku ile. Dume wa kuchechemea alipofika ukingoni mwa shamba niliinuka nikapunga khanga na kupiga kelele. Alinitazama, akaketi. Kaka yangu aliposimama kule alikokuwa akipalilia, hajanyanyua hata jiwe, dume akatimka. Wakulima wa Handeni wanalijua hili, na wa Uganda wanalijua vilevile: nyani hutofautisha mwanamume na mwanamke na mtoto, na humwogopa anayejua kwamba anaweza kumdhuru. Mnyama anayetusoma kiasi hicho anastahili kusomwa na sisi.

Lazima niseme upande wa pili, kwa sababu kaka yangu aliusema, na alisema kweli. "Dada, ungekuwa na magunia yako humu, ungeandika kitabu kingine." Kundi la nyani likipata nafasi asubuhi moja linaweza kumaliza chakula cha familia cha wiki nyingi. Huvunja mabua, hung'ata hindi moja mara mbili na kulitupa, hubeba mengine kwapani. Familia ambayo haina mtu wa dunguni huvuna mabaki. Na ubaya mkubwa ni kwamba mara nyingi anayepandishwa dunguni ni mtoto, na mahindi hayasubiri likizo. Mtoto aliyeko dunguni siku ya masomo ameibiwa, na sitaki mtu asome sura hii akadhani ninasifu jambo hilo. Ninachosema ni kwamba elimu aliyoipata huko juu ni elimu, na tunapoipuuza tunamwibia mara ya pili.

Jumapili tulidamka alfajiri kwenda Amani. Tulirudi Korogwe, tukashika barabara ya Segera, Muheza tukanunua machungwa, kisha tukaanza kupanda hadi lango la Sigi, ambapo ofisi ya wageni iko katika nyumba ya zamani ya stesheni ya reli ya Wajerumani. Msitu wa Amani una historia ndefu ya kuchunguzwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa kilimo na mimea pamoja na bustani ya miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia. Baadaye Waingereza wakaleta utafiti wa malaria. Hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, na eneo lake limegawanyika kati ya wilaya za Muheza na Korogwe. Kwa maneno mengine, sehemu ya msitu huu ni ya kwetu, ingawa niliwahi kukutana na watu wazima wa Korogwe wasioijua kabisa.

Tulikuwa tumekuja kwa ajili ya mbega. Mwongozaji alitusimamisha chini ya mti mkubwa, akanyoosha kidole, na kwa muda hatukuona kitu. Kisha mkia mrefu wenye ncha nyeupe ukatikisika, na baada ya mkia tukamwona mwenyewe, mweusi, mwenye manyoya marefu meupe mabegani kama mgolole. Wenzake walikuwa wamekaa matawini, wamelegea, matumbo mbele.

Mbega ana mambo mawili yanayomfaa mtoto mwenye kutaka kujifunza kutazama. La kwanza, hana haraka. Chakula chake kikubwa ni majani, na tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo bakteria huyachachua majani hayo kabla hayajamfaa kitu. Kazi hiyo huhitaji mapumziko marefu, kwa hiyo utamkuta pale ulipomwacha. La pili, kitoto chake huzaliwa cheupe pepe, na majike hupokezana kukipakata, hivyo hata aliye mbali anaweza kufuata kwa macho kimetoka kwa nani kimekwenda kwa nani. Mwanangu mdogo alitaka kujua kwa nini mkono wa mbega una vidole vinne tu. Mwongozaji alimweleza kwamba kidole gumba kimebaki kinundu, na kwamba mnyama anayerukaruka matawini kwa kuyanasa kama ndoano hakihitaji. Karne ya kumi na tisa ngozi za mbega zilisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya kushonewa makoti na mapambo ya wanawake. Nililieleza hili kwa ufupi, watoto wakanyamaza, nami sikuliendeleza.

Binti yangu alikuwa na daftari. Nilimpangia kazi moja: kila baada ya dakika tano aandike kila mbega anayeonekana anafanya nini, anakula, analala, anasafishana manyoya au anasogea. Wanasayansi wa tabia za wanyama hufanya hivyohivyo. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, yuleyule wa Amboseli, alichapisha makala iliyoeleza namna za kutazama na kuandika ili mtazamaji asiandike tu yale yaliyomvutia macho, na tangu hapo imetumiwa katika kuchunguza wanyama wa kila aina. Mtu mwenye saa, penseli na subira anaweza kuifanya kazi hiyo. Kufikia adhuhuri binti yangu alikuwa na kurasa mbili, na katika kurasa hizo mbega walikuwa wamelala zaidi ya walivyofanya jambo lingine lolote. "Sokwe nao wanalala hivi?" aliuliza. Ni swali zuri, na jibu lake ni hapana. Sokwe hula matunda zaidi, huyatembelea mbali, na kila jioni hujitengenezea kitanda kipya cha matawi mtini.

Hapo ndipo nilipoona ameiva kusimuliwa Gombe kwa undani.

Jane Goodall alishuka kwenye ufuko wa Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu, pamoja na mama yake na mpishi wao. Kwa miezi ya kwanza sokwe walimkimbia. Alipanda kilele kimoja kila siku, akakaa mahali palepale, mpaka wakamzoea. Mwaka huohuo alimwona dume aliyemwita David Greybeard akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa likiwa limejaa mchwa, akiwalamba. Kabla ya hapo iliaminika kwamba binadamu peke yake ndiye hutengeneza zana. Alisimulia pia habari za mama mmoja, Flo, aliyekufa mwaka 1972, na mwanawe Flint, wa miaka minane na nusu, ambaye alidhoofika akafa wiki chache baadaye. Binti yangu aliiandika habari hiyo kando ya kurasa za mbega.

Goodall alifariki Oktoba 2025, na dunia ilimlilia, kwa haki kabisa. Lakini habari ya Gombe haikamiliki kwake peke yake. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wageni wakaondoka. Kazi ya kuwafuata sokwe milimani haikusimama, kwa sababu ilishikwa na vijana wa vijiji vya ufukoni: Hilali Matama, Hamisi Mkono, Eslom Mpongo, Yahaya Almasi na wenzao. Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia, Januari 1974, sokwe wa kundi moja wakimvamia na kumpiga vibaya dume wa kundi la jirani, mwanzo wa vita vilivyodumu miaka minne na kubadilisha namna dunia inavyomwelewa sokwe.

Mahale, ambako Toshisada Nishida wa Japani alianza utafiti mwaka 1965, kuna habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mhifadhi na mjuzi wa dawa za kienyeji, alikuwa akimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku pamoja na mtafiti Michael Huffman. Chausiku alikuwa mgonjwa, amelegea. Akachuma tawi la mjonso, mti mchungu sana ambao sokwe huwa hawali, akamenya gome, akatafuna kiini na kumeza maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Huffman aliona sokwe anakula mti. Kalunde aliona mgonjwa anakunywa dawa, kwa sababu Watongwe huutumia mjonso huohuo kwa maradhi ya tumbo. Walichapisha habari hiyo mwaka 1989, na ikafungua uwanja mzima wa utafiti kuhusu wanyama wanaojitibu.

Njiani kurudi, mtoto wa kati aliuliza kwa nini wasiletwe sokwe wakakaa Amani. Swali hilo lilikwisha kujaribiwa kwingine. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliachiwa Rubondo, na bila kufundishwa na mtu walijua kula, kujenga vitanda na kuzaa. Wajukuu wao wapo mpaka leo. Lakini Rubondo ni kisiwa kisicho na mashamba. Amani imezungukwa na watu, chai, iliki na migomba, na sokwe ana nguvu na akili kumpita nyani. Mtoto aliyekaa dunguni Jumamosi alielewa mara moja.

Nawaandikia hasa walimu wa Sindeni, Mkata, Mombo na vijiji vilivyo kati yake. Mwaka 1991 Goodall alianzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa Kitanzania, na leo klabu zake zimeenea nchi nyingi; kuanzisha moja shuleni kwenu hakuhitaji maabara. Darasani mwenu wamo watoto wanaowajua nyani kwa masikio na vilema vyao. Waiteni mbele waeleze, na mambo wanayoyasema yaandikwe ubaoni kwa jina lao. Na wewe mzazi, mahindi yakijaa na mtoto wako akiwa likizo dunguni, mpe daftari na penseli pamoja na debe. Jioni muulize nani alitangulia kufika, nani alimpisha nani, kitoto kilibebwa na nani, na kundi liliondoka kwa upande gani, kisha msikilize hadi amalize.